Siwatu wa Kisimani: kisa cha kuwapa majina nguva wa hadithi moja

Mswada ulikuwa mzuri. Nalisema hili mapema kwa sababu karibu yote ninayoandika hapa yanahusu sehemu yake moja iliyokuwa dhaifu, na msomaji anaweza kudhani kazi nzima ilikuwa hivyo. Mwandishi, binti aliyekulia Mafia, alikuwa ameandika hadithi ya vijana inayotokea Ras Kisimani, pembe ya magharibi ya kisiwa, ulipokuwa mji wa Kisimani Mafia. Mji ule bahari imeula kwa kiasi kikubwa, na mawimbi bado yanatupa vigae vya vyombo vya kale ufukweni. Yeye akauliza swali ambalo nashangaa hakuna aliyelitangulia: ule upande uliozama, sasa anaishi nani? Akajibu kwamba wanaishi nguva, wa kike na wa kiume, wenye ukoo, mashauri, ugomvi wa mipaka na harusi.

Nguva ninaowataja hapa ni wa hadithi, nusu mtu nusu samaki. Nguva mnyama, yule anayelisha nyasi bahari kati ya delta ya Rufiji, Mafia na Kilwa na ambaye siku hizi ni adimu mno, naye yumo katika hadithi, lakini ni mfugo wa wale wengine.

Basi twende kwenye majina. Malkia aliitwa Aquaria. Binti zake walikuwa Coralina na Ariella. Ndugu yake malkia, jemadari, alikuwa Triton. Kulikuwa na mzee mwenye hekima, Sheikh Suleiman wa Bahari, kijana mcheshi aliyeitwa Papa, askari mmoja wa vilindini mwenye jina lililotoka kwenye programu ya mtandaoni ya kuzalisha majina, na adui mkuu aliyeitwa Mami Wata. Juu ya maji, nyumba ya mvuvi, alikuwepo msichana wa miaka 13 aitwaye Mwanamvua.

Vijana wa kidato cha pili waliosomewa sura za mwanzo walimkumbuka Mwanamvua peke yake. Waliobaki walikuwa "yule malkia", "yule dada yake", "yule mbaya". Coralina na Ariella waliwachanganya mpaka mwisho, ingawa mmoja ni mpole na mwingine ni mkorofi, na mwandishi alikuwa amejitahidi sana kuwatofautisha kwa tabia. Hapo ndipo mswada ulipoletwa kwangu.

Nilimuuliza jambo moja tu siku ile ya kwanza: "Aquaria aliitwa hivyo na nani?"

Akanijibu, "Na mimi, dada."

Tatizo lote lilikuwa katika jibu lile, na yeye mwenyewe aliliona alipokuwa bado hajamaliza kulisema. Mwanamvua alipewa jina na bibi yake, usiku wa masika, paa la makuti likivuja. Hayo yameandikwa katika ukurasa wa pili na kila msomaji wa pwani anajua kwamba ndivyo mtoto anavyopata jina hilo. Aquaria hakupewa jina na mtu yeyote aliyemo hadithini. Alibandikwa na mtu wa nje anayejua kwamba Kilatini cha maji ni akwa. Chini ya Ras Kisimani hakuna anayejua Kilatini.

Waandishi wengi wanaoanza na hadithi za nguva hutafuta kwanza jina zuri. Mimi nasisitiza watafute kwanza mtu anayelitoa. Mama, mkunga, bibi, kaka mkubwa, jirani mwenye kijicho, mvuvi aliyemwona kiumbe mara moja akakimbia. Ukishampata huyo, unajua anaona nini kila siku, anaogopa nini, anahesabuje wakati, na jina linakuja likiwa na uzito wa mtu aliyelitamka.

Hili si jambo jipya. Mshairi Hesiod wa Ugiriki, takriban miaka 2,700 iliyopita, aliwaorodhesha mabinti 50 wa Nereus, mzee wa bahari. Leo majina yale yanasikika kama muziki wa mbali, ndiyo maana yanaibwa kila mahali. Lakini msikilizaji wake aliyasikia kwa namna nyingine kabisa. Galene ni bahari iliyotulia. Psamathe ni mchanga. Speio ni pango. Kymothoe ni mbio za wimbi. Eulimene ni bandari njema. Nesaie ni wa kisiwani. Kwa mabaharia na wavuvi wa nchi ile hayo yalikuwa maneno ya kazini, na ukiyasoma kwa mfululizo unaona ramani ya mtu anayesafiri kwa chombo kidogo na kuomba afike. Anayemchukua Triton kutoka kwa Wagiriki anachukua ganda. Anayefanya walichofanya Wagiriki anakwenda kwa wavuvi wake mwenyewe.

Na sisi wavuvi tunao.

Kuhesabu kwa maji

Kawaida ya pwani ni kumpa mtoto jina la wakati wake. Juma na Mwanajuma, Khamisi na Mwanahamisi, Ramadhani, Shabani, Mwanaidi, Masika, Mwaka. Mosi na Pili kwa mpangilio wa kuzaliwa. Mwandishi alijua haya kuliko mimi, maana nyumbani kwao wamejaa. Kazi ilikuwa kuuliza: nguva hana Ijumaa wala Alhamisi, je, wakati wake unapimwa kwa nini?

Kwa maji, bila shaka. Kuna kujaa na kupwa mara mbili kila siku. Kuna bamvua, mwezi ukiandama na ukiwa mpevu, ambapo kwenye pwani yetu bahari hupanda na kushuka mita 3 na zaidi. Kuna maji mafu katikati ya hapo, siku ambazo bahari haina haraka. Kuna kusi na kaskazi, kuna matlai inayovuma asubuhi kutoka mashariki, kuna demani mwishoni mwa kusi, kuna maleleji, zile pepo zisizojua zielekee wapi msimu unapobadilika. Ni kalenda kamili, na kila neno lake liko vinywani mwa watu wanaoishi leo. Hatukuhitaji kubuni hata silabi.

Tulianza na wanaume kwa sababu ndio waliokuwa wameonewa zaidi. Katika miswada mingi ya aina hii nguva wa kike wana majina yanayonukia na wa kiume wana majina ya silaha. Triton, Mkuki, Papa. Majina ya wakati hayana ugonjwa huo, kwa sababu mtoto wa kiume na wa kike huzaliwa katika maji yaleyale. Jemadari akawa Kusi. Nililipenda sana, kwa kuwa mtu mzima yeyote wa pwani akisikia jemadari Kusi amepanda ngazi anajua kwamba safari za vyombo vidogo zimeingia mashakani. Mume wa malkia, ambaye awali hakuwa na jina kabisa, akawa Demani. Na kijana mmoja, aliyekuwa akipeleka siri upande wa pili, akaitwa Maleleji. Mwandishi alihofu kwamba jina litafichua usaliti mapema. Nikamwambia aliyelitoa hakujua atakuwa msaliti. Alizaliwa tu majira yale, na watu wa kwao wamelizoea jina hilo kiasi kwamba hawalisikii tena. Msomaji atakayelitilia shaka mapema atakuwa amestahili kulitilia shaka.

Kwa upande wa wanawake kiambishi cha Mwana kilitujaribu. Mwanakusi, Mwanabamvua, Mwanademani, yote yanatoka kinywani bila taabu. Lakini ukiweka majina matatu yanayoanza na Mwana kwenye ukurasa mmoja, na Mwanamvua tayari yumo, umerudi kulekule kwa Coralina na Ariella: jicho la msomaji husoma herufi za mwanzo na kuruka. Tukakubaliana Mwana abaki kwa msichana wa nchi kavu peke yake. Hiyo ikawa pia alama: ukiona Mwana, uko juu ya maji.

Baadhi ya majina yaligongana na vitu ambavyo tayari vina wenyewe. Mwanamaji, ambalo mwandishi alilipenda kwa shujaa wake, ni askari wa jeshi la majini, na hakuna namna ya kulitoa sare. Marijani, tuliyofikiria badala ya Coralina, ni jina la kiume kwa watu wengi, na wapenzi wa muziki wa dansi wa Tanzania watamwona Marijani Rajab mara moja. Mfalme wa vilindini aliyeitwa Kilindi alionekana amepata jina lililomkaa barabara, mpaka ukumbuke kwamba Wakilindi ndio ukoo uliotawala Usambara, na msomaji wa Lushoto atasoma kitabu kizima akitafuta uhusiano usiokuwepo. Lindi ni mkoa. Kilindoni ni mji mkuu wa Mafia yenyewe. Ramani imeshayachukua maneno karibu yote ya kina kirefu, na ni haki yake.

Samaki nao wana hatari zao. Changu ni samaki mtamu, mwenye jina fupi linaloita vizuri, lakini huwezi kumpa msichana wa hadithi jina hilo huku darasa zima linajua changudoa ni nani. Papa kwa Wakatoliki ni kiongozi wa Kanisa. Bunju, samaki mwenye sumu anayejivimbisha, angemfaa mhusika mmoja mwenye majivuno, ila kwa mkazi wa Dar es Salaam ni kituo cha daladala. Na kwa vyovyote, watu wa pwani hawampi mtoto jina la samaki siku ya kuzaliwa. Samaki huja baadaye, kama jina la utani. Kwa hiyo yule kijana mcheshi aliyekuwa Papa alipewa jina la kweli ambalo halitajwi mpaka sura ya sita, na huku nyuma kila mtu anamwita Pono, kwa sababu analala popote. Aliyewahi kuambiwa ana usingizi wa pono anacheka bila maelezo.

Lile jina la askari lililotoka kwenye programu sitaliandika hapa. Silabi zake mbili za mwanzo ni tusi. Aliyeitengeneza programu ile hajui Kiswahili na hana kosa, lakini anayeandika kwa Kiswahili lazima alitamke kila jina kwa sauti, alivunje vipande, na kumpa kijana wa kidato cha pili alisome mbele ya wenzake. Vijana hulikata jina mahali ambapo wewe hukufikiria.

Mkunga ndiye anayetoa majina katika mji wao, kwa hiyo yeye mwenyewe hana jina jingine. Anaitwa Mkunga tu, anakaa ndani ya tundu la mwamba na kutoa kichwa nje kila anapoitwa. Mvuvi aliyewahi kumkuta samaki wa jina hilo tunduni anajua kwa nini.

Shwari

Shujaa wetu, Ariella wa mswada wa kwanza, alizaliwa siku za maji mafu. Mwandishi alishaamua hilo kabla hatujazungumza majina, kwa sababu alitaka awe mtoto anayedharauliwa: wenzake wa bamvua wana nguvu, yeye ni wa maji yasiyokwenda. Kwa kanuni tuliyokuwa tumeiweka angeitwa Mafu. Mtoto mchanga aitwe Mafu? Tulikaa na jambo hilo kwa muda.

Ndipo tukamrudia mtu anayelitoa jina. Mkunga angesema Mafu, kwa kuwa ndiyo desturi. Mama angekataa. Mama aliyechoka, anayemtazama mtoto wake, angetafuta neno jingine la siku ileile, na lipo: Shwari. Bahari ni ileile isiyokwenda, ila aliyeitaja anaipenda. Sura ya kwanza ya mswada mpya inaanza na ugomvi huo mdogo baina ya Mkunga na mzazi, na kwa kurasa mbili msomaji ameshajua kwamba mji huu una desturi, kwamba desturi inaweza kuvunjwa, na kwamba huyu mtoto ameanza maisha kwa mtu kumsimamia. Jina Ariella lisingeweza kubeba hata robo ya hayo.

Kuna kitu kingine ndani ya Shwari ambacho hatukukipanga. Kwa nguva, shwari ni neema: maji yanakuwa safi, unaona mbali, watoto wanaachwa wacheze. Kwa baba yake Mwanamvua mwenye jahazi la tanga, shwari ni kukaa katikati ya bahari bila upepo huku maji ya kunywa yanapungua. Mwanamvua anapofika nyumbani na kusema amepata rafiki aitwaye Shwari, baba anakunja uso. Kwa upande wa pili, Shwari haelewi mtu aitweje kwa mvua. Kwake mvua ni kelele inayopigwa juu ya dari ya dunia yao na ladha ya maji yasiyo na chumvi. Mazungumzo yao ya kwanza yote ni juu ya majina, na ni mazungumzo bora kabisa katika kitabu.

Ni huyohuyo Galene wa Wagiriki, nikamwambia mwandishi. Wamefika mahali pamoja kwa njia mbili, na hakuna aliyemwibia mwenzake.

Sauti chini ya maji

Mwandishi alikuwa na pingamizi la haki. Nguva wanaongea chini ya maji. Je, watatamka Shwari kweli? Sauti majini husafiri mita zipatazo 1,500 kwa sekunde, zaidi ya mara nne ya mwendo wake hewani, na sauti nyembamba hufifia mapema kuliko nzito. Alikuwa ameanza kuandika majina ya vilindini kwa alama za mkato wa juu na herufi zilizosongamana ili yaonekane ya kigeni.

Nilimwomba aache. Katika Kiswahili alama ile ina kazi yake tayari. Ng'ombe si ngombe, na mtoto wa darasa la tatu amefundishwa hilo kwa taabu. Ukimletea N'gara na Ng'ara katika ukurasa mmoja umemfanya asimame kila mstari.

Wanyama wa kweli walitusaidia. Pomboo kila mmoja hujitengenezea mbinja yake akiwa mdogo, na mwaka 2013 watafiti wa Chuo Kikuu cha St Andrews, Scotland, walichapisha ushahidi kwamba pomboo akisikia mbinja yake ikirudiwa, huitikia. Basi nguva wa Kisimani nao wana mbinja za ndani, na hazijaandikwa popote kitabuni. Zinatajwa tu kuwa zipo. Majina tunayoyasoma ni ya kutamkwa, waliyoyachukua kwa watu wa mji kabla haujazama. Hii ilitupa sababu ya Kiswahili chao, jambo ambalo mswada wa kwanza haukuwa umelieleza hata kidogo.

Kwa watu wa vilindini, ambao hawakuwahi kukaa karibu na mji, ilibidi tubuni. Tulitumia sauti za kwetu bado, ila zile nzito zinazoanzia puani: Ngonde, Mbuu, Ndumo. Ngonde lilitupwa kwa sababu kuna Wanyakyusa na Wangonde kule Ziwa Nyasa. Ndumo likabaki. Watu wa mwamba wana majina mepesi yenye vokali wazi, wa vilindini wanaguruma, na msomaji anajua mhusika ni wa upande gani kabla hajaambiwa.

Mzee Sheikh Suleiman naye alibadilika. Nabii Suleiman ndiye aliyetiishiwa majini, wale wingi wa jini, na kumpa nguva jina hilo pamoja na usheikh ni kuanzisha mjadala ambao hadithi haiuhitaji. Mwandishi alitaka mzee aliyewahi kufanya biashara na watu wa juu akachukua jina lao, na wazo hilo ni zuri. Tukampa Makame. Ni jina la visiwani mpaka mfupani, na mtu akilisikia anamwona mzee mwenye kofia hata kama kiunoni anaanza magamba. Malkia akawa Jumbe, kama walivyoitwa wakuu wa miji ya Mrima, na jina lake mwenyewe Matlai. Shwari anaitwa Shwari wa Matlai, kwa jina la mama.

Adui

Hapa ndipo tulipotumia muda mwingi kuliko pengine popote.

Mami Wata si jina tupu la kutisha. Ni pepo anayeheshimiwa na watu wengi Afrika Magharibi na ya Kati, na ng'ambo ya Atlantiki pia, mwenye waumini, madhabahu na waganga wake leo hii. Wanaozungumza Kiswahili hawako mbali naye: huko Katanga wachoraji wa Lubumbashi wamemchora kwa miaka mingi kwa jina la Mamba Muntu, mwanamke mwenye mkia, kitana na kioo, anayempa mtu utajiri kwa masharti mazito. Kumchukua mtu kama huyo na kumfanya jambazi wa hadithi ya Mafia ni kuingia nyumba ya watu bila hodi. Na kihadithi haisaidii, kwa sababu ana habari zake ndefu, na msomaji wa Lubumbashi atazidai. Hali ni hiyohiyo kwa chunusi wetu, pepo wa baharini. Familia nyingi za pwani zina mtu aliyezama na husema alichukuliwa na chunusi. Sikumkataza mwandishi kumtaja; nilimwomba asimgeuze mhusika mwenye jina na mzaha.

Kwa hiyo adui akawa hana jina. Mapendekezo ya kwanza yalikuwa ya kutisha: Tufani, Kiza, Dhoruba. Niliyakataa yote kwa sababu moja. Adui naye alizaliwa, na aliyempakata siku ile hakumwita Dhoruba. Tukajaribu jina la wakati, mtoto wa maji yanapokupwa, saa ambayo nguva wanaiogopa kwa kuwa mwamba unabaki uchi: Mwanakupwa. Lilitisha vizuri likiwa kwenye karatasi. Lilipotamkwa, wote wawili tulimsikia Mwana Kupona, mshairi wa utendi wa mwaka 1858 ambao wanawake wa pwani wameurithishana. Hatukuwa tayari kumpitisha mama yule karibu na mwovu wa hadithi, hata kwa mwangwi. Tena Mwana tulishampa Mwanamvua peke yake.

Tulichokuwa nacho ni kisasi chake. Katika mswada adui anawachukia wavuvi kwa sababu ya baruti. Uvuvi wa baruti umepigwa marufuku Tanzania kwa miongo mingi na bado umeua miamba mingi. Mlipuko mmoja hupasua vibofu vya samaki, huvunja matumbawe yaliyokua kwa vizazi, na chini ya maji mlio wake husikika kilomita nyingi. Nikamuuliza mwandishi: mlipuko wa kwanza ulipotokea, huyu alikuwa na umri gani?

Akafikiri. Akasema, "Hakuwa amezaliwa. Mama yake alikuwa mjamzito."

Basi mama alipoteza nini siku ile? Mume. Wanawe wawili waliotangulia. Anajifungua siku chache baadaye mikononi mwa Mkunga, na anaulizwa mtoto aitwe nani. Sisi watu wa nchi kavu tuna majina ya hali hiyo, majina ambayo mama humtupia jirani au dunia nzima kupitia mtoto: Tabu, Shida, Sikujua, Sikudhani, Siwazuri. Mwandishi ndiye aliyelitaja lile lililofaa. Alilitaja polepole, kwa sababu ni jina la watu halisi anaowajua.

Siwatu.

Hao si watu. Mama aliyemaanisha wavuvi walioua wanawe alisema hivyo, na mtoto akakua akiitwa lalamiko hilo kila asubuhi, anapotumwa, anapobembelezwa, anapokaripiwa. Kila aliyemwita alimkumbusha. Hakuna haja ya kumwelezea msomaji chuki yake ilianzia wapi, kwa maana iko kwenye jina na alipewa kabla hajafanya lolote. Vilevile ni jina la kawaida la pwani, lisilo na miiba masikioni, na msomaji anaweza kumpenda mwenye jina hilo kwa sura nzima kabla hajajua ni nani.

Nilimwandikia mwandishi kwamba kwa upande wangu kazi ya majina imekwisha, apitie tu kuhakikisha Coralina hajasalia mahali, na dada mkorofi wa Shwari aitwe Bamvua kama tulivyokubaliana. Akanijibu usiku uleule kwamba haijaisha. Mwanamvua, akasema, ana shangazi aitwaye Siwatu. Ametajwa tangu sura ya tatu, ndiye anayemfundisha kusuka ukili, na jina hilo aliliweka pale mwanzo kabisa bila kuwaza lolote kwa kuwa ni la jirani yao. Kwa desturi ya kwao mtu na mwenye jina lake huitana somo, huzuriana, na huoneana haya. Sasa Mwanamvua atakaposimama mbele ya nguva anayetaka kuzamisha vyombo vyote vya Kisimani, na kumsikia akijitaja, hawezi kukimbia tena kama alivyokimbia katika mswada wa kwanza. Lazima amwambie, "Nyumbani nina shangazi, ni somo yako." Na yule mwingine lazima aulize, kwa mara ya kwanza maishani mwake, mama wa huyo shangazi alikuwa akiwasema akina nani.

Sura ya tisa yote inaandikwa upya.